Kikohozi cha Mume Wangu

Nyapara wa wapiga dawa alikuwa haoni vizuri. Tangu ujana wake alibeba bomba mgongoni akinyunyizia mibuni mrututu, ile dawa ya buluu, mpaka dawa ikamla macho. Macho yalipokwisha wakampandisha cheo. Ndivyo lilivyokuwa lile shamba la kahawa kule Oldeani: ukiharibika unafukuzwa, na ukiharibika ukiwa na bahati unapewa filimbi.

Asubuhi rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti wa mgrivelia ilipogongwa, wanaume walijipanga mbele ya stoo ya dawa. Ukungu wa kule hushuka kutoka msituni, juu kwenye ukingo wa Ngorongoro, na ukishuka humwoni hata unayemsalimia. Nyapara alisimama ndani ya ukungu huo akaanza kuita majina. Wapiga dawa hawakujibu "nipo." Walijibu kwa kukohoa.

Nasikia zamani ulikuwa utani. Vifua vyao vyote vilikuwa vimeungua na dawa, midomo imefungwa vitambaa, basi mtu akiitwa alikohoa na nyapara akasema, "Nimekusikia, pita." Utani ukawa desturi. Kila mmoja alikuwa na kikohozi chake na yule mzee alivijua vyote, kama mama anavyojua vilio vya wanawe. Usingeweza kumdanganya kwa kumtuma ndugu yako akushikie nafasi. Wageni waliofika kambini walicheka wakisikia mwito ule mara ya kwanza. Mimi sikuwahi kucheka. Mwanamume anaitwa kwa jina alilopewa na wazazi wake, halafu kinachoitikia ni ugonjwa.

Kikohozi cha mume wangu nilikijua kutoka jikoni. Vilikuwa viwili vifupi, kisha kimoja kirefu kinachokwaruza kutoka chini kabisa, kama anaburuta gunia sakafuni. Nikikisikia nilijua ameshapita, nikaendelea na uji wa watoto.

Miaka ile ya mwanzo wa themanini sabuni ilikuwa haionekani dukani. Makoti ya wapiga dawa yalifuliwa kwa maji matupu, tena mara chache, na mrututu ukashika kitambaa mpaka kikakauka kama gome. Hatukuyaingiza ndani. Yalitundikwa kwenye misumari nje ya kila mlango, na asubuhi ya ukungu, ukitoka kuchota maji, uliwaona wanaume wa buluu wasio na vichwa wamesimama mstari mzima wa kambi. Lile la kwetu ukilitungua msumarini lilibaki limetanua mabega. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa analisalimia shikamoo.

Msimu mmoja wa mvua mume wangu aliamka asiweze kusimama. Kitambaa alichojifungia mdomoni kilikuwa na damu. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini aliyesema hivyo hakukaa kambini kwetu. Pale aliyeyatoa maradhi nje aliumbuliwa na meneja. Mganga wa zahanati ya shamba alikuwa mtu mwema, ila alilazimika kusema nani hafai tena, na asiyefaa alitakiwa aiache nyumba. Jirani yetu wa mlango wa pili alikwenda kuonyesha kifua chake. Wiki haikuisha tukaona vitanda vyake barabarani na mkewe amekaa juu ya kinu, kitu ambacho kwetu mwanamke hakifanyi. Ni mvua, na watoto wako chini ya turubai. Niliapa kwamba mimi sitakalia kinu changu barabarani.

Kwa hiyo wazo la kwenda mimi badala yake lilikuwa langu, na silikatai. Nilikuwa mrefu kama yeye. Koti lilifika magotini, kofia ilifika kwenye nyusi, kitambaa kilificha vilivyobaki. Bomba sikuliogopa, mwanamke aliyebeba kuni kutoka msituni na mimba ya miezi minane atatishwa na bomba? Kilichobaki kilikuwa kukohoa.

Alinifundisha akiwa amelala, shuka hadi kidevuni.

"Hapana, mama watoto. Hicho ni cha mtu aliyepaliwa na ugali."

"Basi nionyeshe."

Akanionyesha, ikamuumiza, tukangoja mpaka pumzi ikamrudia. Wazee wawili wa genge lake, watu wa Mbulu waliokuwa wamekula naye njaa na shibe, walikuja kunisikiliza. Walikaa kwenye kigoda na ndoo kama wajumbe wa baraza.

"Shemeji, kile cha mwisho kitoe tumboni," mmoja akasema. "Hapo kooni utatukamatisha."

Tulicheka sana jioni ile. Hata mgonjwa alicheka. Nakumbuka kicheko kile kwa uchungu, kwa sababu nilikuwa najivunia. Nilipokipata sawasawa mtoto aliyekuwa nje aliingia mbio akamtazama baba yake, kisha akanitazama mimi, akaanza kulia.

Asubuhi ya kwanza nilivaa koti gizani. Nilisimama kati ya wale wazee wawili, koti likinibana shingo, na ndani ya koti kulikuwa na harufu yake na harufu ya shaba kama ya sarafu uliyoiweka mdomoni. Nyapara aliita jina la mume wangu. Nikakohoa. Nikawaona watoto wangu wako chini ya turubai tayari.

"Nimekusikia," akasema. "Pita."

Nikapita. Kuanzia hapo nilikuwa mume wangu kutoka alfajiri hadi saa nane, na mke wake kuanzia saa nane. Wazee walinipanga kwenye mistari ya juu, karibu na msitu, ambako ukungu hauondoki mapema na meneja hapendi kuchafua viatu. Unapampu kwa mkono mmoja, mwingine unaelekeza mdomo wa bomba chini ya majani, na upepo unakurudishia usoni nusu ya ulichotoa. Jasho langu lilitoka buluu. Chakula kilikuwa na ladha ya msumari. Kazi mbaya si mchezo mwema, nilijiambia, na nyumba ni yetu.

Naye akaanza kupona. Niliona kwa macho yangu jambo ambalo hakuna mganga aliyewahi kutuambia. Alikunywa maziwa ya yule mama wa Kimaasai aliyeshuka kutoka juu na vibuyu vyake, akalamba asali, akalala, akaota jua la mchana mlangoni. Zaidi ya hayo hakunywa dawa yoyote ya maana. Kwanza damu ikakoma. Kisha akaacha kuamka usiku. Akaanza kupika, ugali wenye mabonge ambao majirani waliufanyia utani kwa miezi. Kila nilipotoka na koti, yeye alipata pumzi zaidi. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, kanisani na njiani.

Halafu asubuhi moja nyapara aliliita jina, na kikohozi kikaitika kabla sijakohoa.

Vilikuwa viwili vifupi na kimoja kirefu, sawasawa kama vyake. Nilikuwa nimefunga mdomo. Niligeuka kumtafuta aliyekohoa, nikadhani mume wangu amenifuata kwenye ukungu. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Mzee wa kushoto alikuwa ananitazama mimi, akitazama kifua cha koti, na ndipo nilipohisi mbavu zangu bado zinatikisika.

"Pita," akasema nyapara.

Sikumwambia mtu. Nilijikoholea shambani, nikajikoholea kwenye choo cha kambi, na nyumbani nikikohoa nilisingizia moshi. Nilijiambia ni mazoea, kwamba kitu ukikiigiza sana ulimi unakizoea. Usiku nililala nimeshika kifua kama mtu anayeshika mlango. Niliogopa, tena si kufa nilikokuogopa. Niliogopa kwamba kile kitu kilikuwa kinaishi ndani ya koti tangu mwanzo na hakijali kinamvaa nani.

Mume wangu ndiye aliyelisema. Tulikuwa tunakula.

"Hicho ni changu," akasema.

"Moshi tu, baba."

"Mama, nimekaa na hicho kikohozi miaka yote hii. Nakijua kuliko ninavyokujua wewe." Akasukuma sahani. "Kesho naenda mwenyewe. Nimepona."

Nilimkatalia, nikamwita mjinga, nikasema maneno mengine ambayo sitayaandika hapa. Kulipokucha alilichukua koti msumarini akaondoka. Mimi nilijifunga kanga mbili nikapanda kwenye kichuguu juu ya stoo, ambapo sauti zinafika hata kama watu hawaonekani. Nilitaka kusikia anapita.

Chini kulikuwa na ukungu mtupu. Majina yakaanza, na kila jina likajibiwa na kikohozi chake. Likafika la mume wangu. Akakohoa, na mimi niliyefundishwa na yeye nilijua mara moja kwamba ameshindwa. Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyepaliwa na ugali. Kifua kilikuwa kizima. Hakikuwa na cha kuburuta.

"Nani huyo?" nyapara akauliza.

Mume wangu akataja jina lake mwenyewe, kwa sauti safi ambayo mimi mwenyewe nilikuwa sijaisikia tangu tulipooana.

"Huyo simjui," akasema nyapara. "Nimemwita mtu wangu."

Na hapo kikaja. Nilijiziba mdomo kwa kanga, nikauma kitambaa, lakini kilipita. Viwili vifupi, kimoja kirefu, kikashuka kwenye ukungu mpaka kwenye mstari wa wanaume. Nilisikia viatu vya nyapara vikigeuka kwenye changarawe.

"Yule pale," akasema, kwa upole kabisa. "Mbona leo umesimama mbali, baba? Shuka."

Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyekohoa, na genge lile lilikuwa halijawahi kukaa kimya hivyo. Sijui hadi leo kama mzee yule alikuwa anajua yote tangu siku ya kwanza, au kama kwake yeye mtu alikuwa ni kile kikohozi na mwili ni kitu cha kubadilisha tu. Nilitaka kutoroka lakini miguu yangu, Mungu shahidi, ilianza kushuka. Niliitwa, nikawa naenda.

Mume wangu ndiye aliyenikuta katikati ya mteremko. Alikuwa na shati tu, kwenye baridi ile. Koti alikuwa ameliacha limesimama kwenye mstari, mahali pake.

Tuliondoka wenyewe kabla hatujaondolewa. Kinu nilikipandisha kwenye lori kwa mikono yangu na sikukikalia. Tulikwenda Buger kwa wakwe zangu, tukalima mahindi na maharage kwenye kipande walichotukatia, na tulikuwa na njaa zaidi kuliko kambini. Hewa ilikuwa nzuri. Nilidhani kifua changu nacho kitapona kama chake, kwa kukaa na kuota jua. Lakini yeye alikaa mlangoni kwa sababu mimi nilikuwa kazini. Mimi nani angenishikia jembe?

Baadaye watalii walipoanza kurudi, hoteli moja ya kule ukingoni mwa Ngorongoro ilitafuta watu wa bustani na wa kufua mashuka. Tulikwenda wote wawili. Daktari wa hoteli aliweka chombo chake kwenye mgongo wa mume wangu, akasema kifua safi, kijana. Kwangu alisikiliza muda mrefu.

"Mama, ulifanya kazi gani?"

"Nilikuwa kwenye kahawa. Nilipiga dawa."

Akatabasamu. "Wanawake hawapigi dawa, mama. Labda moshi wa jikoni."

Mume wangu alifungua mdomo. Nilimkanyaga mguu. Kazi ile ya kupiga dawa ilikuwa imeandikwa kwa jina lake, na kama angesema kweli, daktari angeanza kukisikiliza upya kifua chake.

Akaajiriwa. Tukahamia Rhotia ili awe karibu, na kazi ile ndiyo iliyosomesha watoto. Mimi nabaki nyumbani, sifai popote penye daktari. Akirudi likizo husimama kwanza nje ya mlango na kofia mkononi, haingii. Mwanzo nilidhani anafuta viatu. Siku hizi najua anasubiri kuitwa. Nikikohoa huko ndani, viwili vifupi na kimoja kirefu, namsikia akijibu taratibu, "Nipo," ndipo anaingia.