Mama Zaituni ameniomba kipande cha zamani

Leo nimemupa mama wa watu kipande cha radio, nikamuambia kimetoka mu ordinateri, kompyuta yake.

Musinitukane bado.

Mama Zaituni anachapia watu makaratasi kule Jabe. Ordinateri yake ilikuwa inajikokota, akaniletea mu duka langu la ufundi huku Asiatique niiongezee nguvu.

Kumbe nguvu iko ndani tangu kiwandani! Kampuni iliifunga tu. Ukilipa, wanaifungua kwa internet.

Nikalipa na feza yake, nikabonyeza, ikaanza kukimbia. Sikugusa bisibisi, sikufungua hata vis moja.

Mama akaniombea dua. Halafu akanyoosha mukono.

"Mwanangu, kile cha zamani kiko wapi?"

Si munajua wateja wetu? Fundi akibadilisha kitu, lazima akurudishie kile cha zamani, ndipo unajua hakukuibia.

Sasa ningemuambia nini? Kwamba amelipia kitu alichokwisha kununua?

Haya ikanishika. Nikapekua droo, nikatoa kipande cha radio mbovu.

Akakifunga vizuri mu kitambaa chake.

"Mafundi wengine wanavificha. We uko mwaminifu."

Amenipigia sasa hivi. Kesho analeta wenzake, na ordinateri zao.

Jamani, niseme ukweli, ao kuna mutu ana radio ingine mbovu?