Benchi la Koplo Masinde

Koplo Masinde wa kituo chetu cha polisi huku Lanet ana ugonjwa mmoja: hapendi kuandika. Si uvivu, jamani, msimsingizie. Anajua tu kwamba jina likishaingia OB, kile kitabu kikubwa cha matukio pale kaunta, halifutiki tena.

Kwa hivyo ukija mbio unatweta kwamba jirani kakuvunjia ua, Masinde hufunika kalamu na kuwaonyesha nyote wawili benchi la nje. Benchi lenyewe fupi ajabu. Lazima mgusane mabega. "Kaeni nusu saa. Mkirudi bado mna hasira, nitaandika." Wengi hawarudi. Kuna wazee wawili waliogombania mbuzi, wakaondoka wakicheka mpaka wakamsahau mbuzi langoni. Ila aliyeumizwa haendi benchi. Huyo huandikiwa papo hapo.

Jumanne akaingia Wangare, muuza viazi karai wa pale steji ya matatu, mkono umevimba, ameufunga leso. Nyuma yake alikuwa mwenye boda aliyemgonga akikata kona upande usio wake. Masinde akainua macho, moyo ukamshuka. Alikuwa Makhanu, mdogo wake wa tumbo moja! Na wiki hiyo hiyo Makhanu alikuwa akingoja cheti cha good conduct, kile cha polisi kwamba huna kesi, apate kazi ya udereva kiwandani. Kesi moja tu, na kazi imekwenda.

"Brathe, si utupeleke tu benchi," Makhanu akasema, meno nje.

Wangare akautazama uso wa kwanza, akautazama wa pili. Pua ile ile. "Afande, nimesamehe," akasema upesi. "Hata hauumi sana."

Haki ya Mungu, Masinde alitamani kulipokea neno hilo. Kisha akaona mama anarudi nyuma kuelekea mlangoni, na aibu ikampanda. Mama wa watu hakuwa amesamehe chochote. Alikuwa ameogopa sare.

"Mama, hata kuketi hujaketi. Msamaha wa kaunta mimi siuchukui."

Akamwita Konstebo Jerop kutoka ofisi ya nyuma, akamkabidhi kalamu. "Huyu ni ndugu yangu, kwa hivyo mimi sigusi. Andika yote mama atakayosema, umpatie na fomu ya P3 ya majeraha, daktari aijaze."

"Masinde! Na kazi yangu je?"

"Na yeye viazi atamenya kwa mkono gani?"

Masinde akatoka nje, kofia mkononi.

Ndani, Jerop aliandika polepole, herufi zake nzuri za shule. Makhanu alitaja jina lake kwa kunung'unika. Alipoulizwa jina la baba, akanuna, akafunga mdomo kabisa. Jerop akauliza tena. Makhanu akageukia ukuta.

"Andika Simiyu," sauti ikaingia dirishani. Masinde alikuwa ameketi peke yake kwenye lile benchi fupi, akitazama barabara. "Ndiye baba yetu."