Wasifu wa Injinia Aliye Hai

Mimi ni mtu wa kuchungulia. Nikipita dirisha lililo wazi shingo hugeuka yenyewe, na mama yangu alinichapa kwa hilo hadi akachoka. Kwa hiyo ujumbe wa chama chetu cha wahandisi ulipoingia kwenye simu, ukituomba tupendekeze wenzetu kwa tuzo ya udhibiti wa mitambo, wengine waliufuta na mimi nikaufungua. Kila mwaka nilikuwa nikiona picha za washindi wakiwa wamevaa suti, na kila mwaka nilijiuliza ni nani aliyekaa chini akawajazia fomu.

Fomu yenyewe ilikuwa na kurasa nne. Anayependekezwa awe mhandisi aliyesajiliwa na awe bado kazini. Asijue kwamba amependekezwa mpaka majaji wamalize. Iambatishwe picha yake moja, maelezo ya maisha yake, na maneno ya watu watatu waliofanya kazi naye. Kisha lile swali lililonisumbua wiki nzima: eleza jambo alilofanya yeye mwenyewe, na uonyeshe ushahidi.

Wa kumpendekeza nilimjua kabla sijamaliza kusoma. Ni bosi wangu wa kwanza, mama tuliyemwita Injinia tu, binti wa mfanyakazi wa reli, aliyezaliwa mtaa wa Makongeni na akaolewa mistari miwili ya nyumba kutoka kwa mama yake. Desemba angestaafu. Baada ya hapo fomu isingemtambua tena, na kazi yake yote ingebaki ndani ya chumba cha boila cha kiwanda cha sabuni, ambako hakuna aliyeijua isipokuwa sisi tuliotoka jasho pamoja naye. Hilo sikulitaka kabisa.

Udhibiti wa mitambo si uchawi. Mtu anayepika uji akiona povu linapanda hupunguza moto. Kazi yetu ni kuifanya sufuria ijione yenyewe. Boila ile, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, ilikuwa na kisanduku cha kuangalia mvuke, ukipungua kinaongeza moto, ukizidi kinapunguza. Shida ni kwamba kilikuwa kinachelewa. Kila asubuhi mvuke ulishuka, kisanduku kikashtuka, kikaongeza moto kupita kiasi, halafu kikaukata ghafla. Sabuni ikawa inaharibika. Mafundi wa kutoka nje walikuja wakaweka kisanduku kipya, na mambo yakabaki yale yale.

Injinia hakugusa kitu. Alivuta kreti tupu ya soda akakaa siku tatu akimtazama mzee wa boila akifanya kazi kwa mkono. Nilikuwa nimeajiriwa mwezi mmoja tu, nikadhani anapumzika. Siku ya tatu akamuuliza mzee kwa nini huongeza moto kabla mshale wa kipimo haujasogea. Mzee akajibu kwamba akisikia pampu ya pili ikianza kunguruma nyuma ya ukuta, anajua mvuke utaombwa sasa hivi. Injinia akaamuru waya uvutwe kutoka kwenye pampu ile hadi kwenye kisanduku, ili nacho kipate habari mapema kama mzee. Kuanzia siku hiyo mvuke ukatulia. Nimesoma vitabu vingi tangu wakati huo na bado sijaona somo zuri kuliko lile.

Kwa hiyo ushahidi niliujua ulipo. Kando ya paneli ya swichi za boila palikuwa na daftari lililofungwa kwa kamba, na kila badiliko liliandikwa humo. Nilikwenda kiwandani siku ambayo Injinia alikuwa likizo, nikaomba madaftari ya zamani, nikapewa rundo lenye vumbi. Yalikuwa na safu tatu: tarehe, kilichobadilishwa, aliyeona. Nikaupata ule ukurasa wa pampu. Aliyeona: mzee wa boila. Nikafungua mwingine, mwingine tena. Jina la mzee, la kijana wa kupakia, la mama wa kufagia aliyesikia mlio asioupenda. Ukurasa baada ya ukurasa mwandiko ulikuwa wa Injinia, na jina lake halikuwamo hata mara moja. Safu ya aliyerekebisha haikuwako kabisa. Ndipo nikakumbuka alivyokuwa akituambia, kwamba anayeona ndiye mwenye kazi, kurekebisha tunalipwa. Wakati ule nililiona neno zuri. Sasa, nikiwa na fomu mkobani, lilinikasirisha.

Nikaamua kwamba kama karatasi hazisemi, watu watasema. Mzee wa boila alikuwa ameshastaafu, anaishi mtaa wa Mukuru kwa Reuben, anatengeneza majiko ya makaa mbele ya mlango wake. Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye. Nikamuuliza kwa sauti ya chini Injinia alizaliwa wapi, alisoma wapi, ana watoto wangapi, anasali kanisa gani, ni mambo gani mema anayokumbuka juu yake, na kama ana picha yake nzuri. Nikamsihi asimwambie mtu kwanza.

Mzee alivua kofia akaiweka kwenye goti. Akasema, "Pole sana, dada."

Nilidhani ananipa pole ya tope nililokanyaga kufika pale. Nikamjibu kwamba nimeshazoea. Akanitazama kwa huruma, kisha akazungumza bila kusita, nami nikaandika. Macho yake yalilengalenga na mimi nikalaumu moshi wa jiko. Akanielekeza kwa wenzake wawili, nao nikawauliza yale yale kwa sauti ile ile ya chini. Nikarudi nyumbani Donholm nikijipongeza.

Sasa nijibu mwenyewe, ni nani huku kwetu huzunguka na kalamu akiuliza mtu alizaliwa wapi, alisoma wapi, na kama kuna picha nzuri? Ni mtu wa kamati ya mazishi. Mimi niliyekaa kwenye matanga mengi kuliko harusi, mimi niliyewahi kusoma wasifu wa marehemu watatu mbele ya kanisa, sikuliona hilo hata kidogo.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana simu ikalia. Alikuwa Injinia mwenyewe. "Njoo hapa kwangu," akasema. "Nimekufa na sina viti vya kutosha."

Nilifika Makongeni nikakuta watu kama ishirini mlangoni pake. Wanawake wa kufunga sabuni walikuwa na leso kiunoni, wamebeba sukari, majani ya chai, na mmoja ameleta gunia la makaa. Walikuwa wamefika wakiimba, na Injinia alikuwa ametokea mlangoni na povu la nguo hadi viwiko kuuliza kuna nini. Aliyeanzisha wimbo alinyamaza katikati ya ubeti. Nilipofika bado hakuna aliyeuendeleza. Mzee wa boila alikuwa ameketi kwenye kizingiti, kofia kwenye goti, hataki kuniangalia.

Kwa kuwa siri ilikuwa imeshamwagika, nilisimulia yote mbele yao, fomu, masharti, na madaftari. Aibu ilinishika hadi masikio yakawaka. Injinia alikuwa amechemsha chai kwa sukari ya matanga yake, akawa anamimina huku akinisikiliza. Nilipomaliza akasema tuzo si mambo yake, chema chajiuza. Hapo hasira yangu ikanishinda. Nikamwambia chema hakijiuzi kikifungiwa chumba cha boila. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akaomba nimsomee waliyosema.

Nikasoma. Maneno ya wale wawili aliyapokea akitikisa kichwa, kama mtu anayesikia habari za jirani. Kisha nikafika kwa mzee, ambaye alikuwa amesema hivi, nami nikaandika vilevile: "Mabosi wote waliniuliza, umefanya nini? Huyu peke yake ndiye aliyeniuliza, unajuaje?"

Injinia aliweka birika chini. Alifunika uso kwa ncha ya leso akalia, na katika miaka yote sikuwahi kumwona akilia. Baadaye akaniambia nisome tena pale, nikasoma tena. Kisha akajifuta uso na, kwa desturi yake, akanisahihisha. Waya haukuvutwa na yeye kama nilivyoandika, ulivutwa na fundi wa stima, niandike hivyo.

Jumatatu nilituma fomu. Niliambatisha nakala ya ukurasa wa pampu, nikaeleza kwamba mwandiko ni wa mama huyu na majina ni ya wengine, na kwamba huo ndio ushahidi wangu. Nilikiri pia kwamba ameshajua. Nilikuwa nimejiuliza kama ninyamaze, lakini watu ishirini walikuwa wamekunywa chai pale. Jibu lilikuja fupi na la adabu: masharti ni masharti, pendekezo halitafika kwa majaji.

Niliuma meno. Nililificha jibu lile wiki nzima kwa woga, hadi Injinia alipostaafu. Kesho yake nikaenda Makongeni na bahasha. Nilimwambia ukweli, na kwamba kosa lilikuwa langu. Akauliza kama majaji waliyasoma maneno ya mzee. Nikasema hapana. Akawasikitikia kwa dhati, kama watu waliokosa chakula kizuri.

Akazitoa karatasi kwenye bahasha akazikunjua mezani. Alisema atazihifadhi kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vyeti vya watoto, na kwamba siku yake ya kweli ikifika nisizunguke tena Mukuru kutisha watu. Nisome hizi hizi, na mzee, kama atakuwepo, akae mbele.

Kabla ya kufunga mkebe akaniomba kalamu. Shingo yangu, kama kawaida, ikageuka kuchungulia. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza aliandika tarehe. Mbele yake akaandika, aliyeona, halafu jina langu.

Nilikaa pale nikilia hadi chai ikapoa, na yeye akanimiminia nyingine.