Tomi na Beseni la Unga wa Mandazi

Harufu ya unga uliotiwa hamira hunipandisha hasira mpaka leo, na watoto wangu wawili hunishangaa. Wacha niwaambie ninyi kwa nini.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa msichana wa miaka minane. Tulikaa nje kidogo ya Kapkatet, na mama aliwapikia wachuma chai mandazi. Unga aliukanda asubuhi, akaufunika kwa kitambaa, akauweka kando ya meko, maana kwa baridi ya kwetu hauumuki hivihivi. Siku hiyo aliniambia, "Chebet, kaa hapo uangalie unga. Naenda mtoni." Nilikaa kidogo tu. Nje wenzangu walikuwa wakiruka kamba.

Niliporudi, mbwa wetu Tomi alikuwa analamba beseni, safi kama limeoshwa. Fimbo ya mama niliijua vizuri. Basi aliporudi nikamwambia unga ulimwagika kwenye majivu, nikautupa chooni. Alinitazama, akasonya, akaenda kukanda mwingine.

Kufika saa sita Tomi akaanza kuyumba. Tumbo limekaza kama ngoma, miguu inapishana, mate yanamtoka. Kogo, ajuza wa jirani ambaye wote tulimwita nyanya, alisimama mlangoni akacheka.

"Mama Chebet, nyinyi watu wa kanisa, mbwa wenu ametoka kilabu gani?"

Mama hakucheka. Kogo akaligusa lile tumbo, akaacha mzaha. "Ni baridi imemwingia," akasema. Kwetu karibu kila ugonjwa ulikuwa baridi, na dawa yake ilikuwa moja: blanketi, meko, maziwa ya moto. Wakamlaza palepale beseni lilipokuwa, wakachochea kuni.

Nikakaa nikitazama blanketi likiinuka. Ndipo akili ikanifunguka: tunamuumua. Unga uko ndani ya Tomi, na sisi tunauongezea moto.

"Mama," nikasema, "Tomi alikula unga. Wote."

Mama hakunigusa. Alivuta blanketi, akambeba mbwa mabegani kama ndama, akateremka mbio hadi josho la ng'ombe, alikofanyia kazi bwana mifugo aliyetibu wanyama, mimi nyuma yake. Bwana mifugo hakupoteza wakati kwa salamu.

"Amekula nini? Kiasi gani? Tangu saa ngapi?"

Mama akanigeukia. Nikajibu yote matatu nikilia.

"Nimnyweshe maji ya chumvi atapike?" mama akauliza.

"Usimpe kitu chochote, mama. Utammaliza."

Akampitishia mpira mrefu wa maji mdomoni mpaka tumboni, akamwosha kwa maji baridi, akarudia na kurudia hadi povu lilipokwisha. Tomi akapona. "Mngechelewa kidogo, mngemzika," bwana mifugo akasema akinawa mikono.

Jioni mama alinichapa. Katikati ya viboko akaniuliza kwa nini nilinyamaza tangu asubuhi, na fimbo iko mkononi mwake.

Miaka mingi nilidhani ni ulafi wa Tomi na kamba yangu vilivyotaka kumuua. Nilipozaa ndipo nilielewa: aliyejua dawa inakosewa alikuwa ameketi palepale, akiogopa kufungua mdomo. Hilo ndilo linalonikasirisha. Kwangu, mtoto akija kusema kitu kimeliwa au kimevunjika, mkono wangu unabaki chini. Si kwamba mimi ni mpole; waulizeni majirani. Nataka tu niambiwe wakati bado kuna la kufanya.