Nilivyokwenda Bulembo Kueleza Hasara

Dada yangu Mama Kulwa hapigi simu kusalimia. Akipiga, ujue kuna kazi. Mwezi wa saba alinipigia nikiwa kwangu Ngokolo nachambua maharage, akasema kijiji chao cha Bulembo kinataka kujitoa kwenye Umoja, na kwamba niende nikawaeleze watu faida na hasara kabla hawajapiga kura.

"Kwa nini mimi?"

"Wewe si umekaa Isaka miaka yote ile, unashughulikia mizigo ya nchi za watu? Habari za nchi kuingia umoja na kutoka unazijua. Njoo uziseme polepole, kama unavyosemaga."

Umoja wenyewe ni wa vijiji vinne vinavyolima mpunga upande wa Masumbwe. Vina mashine moja ya kukoboa, ghala moja, na lori moja linalopeleka mchele Isaka, ambako wanunuzi wa nchi jirani za upande wa magharibi wanauchukua. Kwa kupata hayo, kila kijiji kimekubali kuuza kwa bei moja na kipimo kimoja, hata kwa mteja wa rejareja.

Ugomvi ulianzia kwenye nyongeza. Siku ya gulio, dada alimpimia mchimbaji mmoja wa dhahabu sado ya mchele, ile ndoo ndogo ya plastiki, kisha akamwongezea viganja viwili, kama mama yetu alivyokuwa akifanya. Mkaguzi wa Umoja alikuwa nyuma yake. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa mteja, akazitoa zile nyongeza, akazirudisha kwenye gunia.

"Yule mchimbaji akacheka," dada alinisimulia. "Akaniambia, 'Pole mayo, mama yangu, kumbe na wewe una bosi!' Gulio zima likasikia."

Kabla ya kukata simu akaniambia jambo moja. "Usinipendelee. Mwaka huu mpunga mwingi kuliko wote ni wangu, na nataka kuezeka nyumba bati kabla ya mvua. Bila lile lori sitaezeka. Watu wanajua. Ukiegemea upande wangu hata kidogo, hawatakusikiliza."

Alhamisi asubuhi niliondoka Shinyanga na begi moja na mikate miwili. Baada ya Tinde mashamba yalikuwa yameshavunwa, ng'ombe wanatembea kwenye mabua bila haraka. Abiria wa jirani yangu aliniuliza nakwenda wapi. Nilipomwambia nakwenda kueleza hasara, akanipa pole ya msiba.

Isaka niliteremka makusudi. Nilitaka kuona tena malori kabla sijayazungumzia. Pembeni ya barabara nilimkuta dereva mmoja niliyemfahamu tangu nikiwa kazini, Mashaka, amekaa chini ya tela lake anasonga ugali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unasubiri nini?"

"Karatasi."

"Tangu lini?"

"Mama, karatasi haina tangu lini. Ina mpaka itoke."

Nilimweleza safari yangu. Akafikiri huku anageuza ugali. Akasema aliwahi kupeleka mzigo kwenye nchi moja isiyokuwa katika umoja wa majirani zake. Mpakani kulikuwa na foleni mbili. Ya wanachama ilikuwa inatembea. Ya wasio wanachama ilikuwa na majiko.

"Sasa wenyewe walikuwa wanasemaje?"

"Wanasema wao hawaamriwi na mtu. Na kweli, sikuona mtu akiwaamrisha. Mimi nilikuwa napika tu."

Wasomaji ambao hawajawahi kufanya kazi hizi wasiogope maneno makubwa. Umoja wa biashara ni majirani wanaokubaliana kufunguliana milango na kumtoza mgeni bei moja. Ukiwa ndani, mlango uko wazi, ila bei huipangi peke yako. Ukitoka, bei unaipanga peke yako, ila mlangoni unabisha hodi. Hakuna nchi iliyopata vyote viwili, ingawa nyingi zimeahidiwa.

Mchana nilifika Masumbwe. Nilikwenda kwanza kwenye ofisi ya Umoja, maana si vizuri kueleza habari za mtu bila kumsikia. Katibu, Bwana Elikana, ni mtu mpole mwenye soksi nzuri. Alinipa kiti chake akakaa juu ya gunia.

"Mama, sisi hatuchukii nyongeza," alisema. "Mimi mwenyewe naipenda nikinunua. Lakini Bulembo wakitoa viganja viwili, wachimbaji wote wanahamia Bulembo. Kesho kijiji cha pili kinatoa vitatu. Keshokutwa tunagawa mchele bure, tunauza magunia matupu."

"Na yule mkaguzi aliyeingiza mkono kwenye mfuko wa mteja?"

Bwana Elikana aliangalia soksi zake. "Alikuwa sahihi," alisema. "Ila si kwa mkono."

"Mmemwomba radhi dada yangu?"

"Kanuni haina kipengele cha radhi."

Nikamuuliza wakitoka itakuwaje. Akasema hakuna wa kufukuzwa. Mashine watakoboa, baada ya wanachama wote kumaliza. Ghala watapewa likibaki na nafasi. Lori ni la wanachama tu. Akanisindikiza mpaka kwenye bodaboda, akamsalimia dada yangu kupitia kwangu mara mbili.

Jioni niliingia Bulembo. Dada alinipokea begi, akanipa maji ya kuoga, akanionyesha mpunga wake kabla ya kunionyesha pa kulala. Magunia yalikuwa yamejaa chumba kizima mpaka kwenye nyasi za paa. Kuta za nyumba ni za tofali za kuchoma, amezijenga kidogo kidogo tangu shemeji afariki. Paa ndilo bado la nyasi, na nyasi zenyewe zimekuwa nyeusi.

"Hapa bati," akanionyesha kwa kidole, "na hapa bati, na jikoni bati." Alizungumza kama vile tayari zipo.

Ijumaa baada ya swala na baada ya chakula, watu walikusanyika kwenye darasa la shule ya msingi. Watu wazima tukabanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa karibu na masikio. Dada, ambaye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa kijiji, alifungua mkutano, akanitambulisha kuwa ni mdogo wake lakini leo si mdogo wake, akaenda kukaa nyuma.

Nilieleza polepole. Nilianza na foleni mbili za mpakani, nikaja kwenye mashine, ghala na lori. Nikawaambia bila lori mchele utauzwa kwa wachimbaji na kwa madalali wanaokuja hapa, na dalali akijua huna pengine pa kupeleka, anakuja akiwa ameshiba. Kisha nikaeleza upande wa pili kwa moyo uleule: bei mtapanga wenyewe, nyongeza mtatoa, na hakuna mkono wa mtu utakaoingia kwenye mfuko wa mteja wenu. Nikasema hilo nalo ni kitu. Halina kilo, lakini ni kitu.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Mama Shija, mwanamke mwembamba anayeuza mchele wake wote kwa rejareja karibu na mashimo ya dhahabu.

"Wabeja mayo, asante, umeeleza vizuri. Naomba kuuliza. Hilo lori limeshapakia mchele wangu?"

"Sijui."

"Halijapakia. Mimi nina magunia manne. Lori linabeba ya Mama Kulwa. Kwa hiyo mimi naamriwa ili Mama Kulwa apakie."

Dada alikuwa anaangalia ubao, ambapo mwalimu alikuwa ameacha hesabu za kugawanya.

"Umesema kweli," nikamjibu. "Hasara ya kutoka haiwapati wote sawa. Mwenye kidogo anapoteza kidogo, mwenye kingi anapoteza kingi. Ni vizuri mlijue hilo kabla ya kupiga kura, msije kulijulia baadaye."

Baba Limbu naye akasimama. Huyu ndiye mwenye mkokoteni pekee wa ng'ombe wenye afya pale kijijini. Alizungumza kwa uchungu sana juu ya uhuru. Alisema kijiji hakiwezi kupangiwa na Masumbwe kama watoto, na kwamba barabara ya kwenda kwa dalali ipo, na vyombo vya usafiri vipo.

"Vyombo gani?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Vipo," alisema Baba Limbu, akakaa.

Mwishowe wakaniuliza mimi ningefanya nini. Nikawaambia ukweli kwamba ningebaki, nikamdai katibu aje hapa kuomba radhi mbele ya gulio. Wakanipigia makofi. Walinishukuru sana kwa maelezo, wakasema hawajawahi kuelezwa jambo vizuri namna ile, kisha wakapiga kura ya kutoka.

Mikono ya kutoka ilikuwa mingi, lakini si yote. Wakati inahesabiwa nilimtazama dada. Alikuwa amekaa na mikono mapajani. Angeweza kuiacha pale, na hakuna ambaye angemlaumu. Kisha akanyanyua wa kulia, taratibu, kama mtu anayefikia kitu kwenye rafu. Mama Shija aligeuka akamtazama, akainamisha kichwa.

Jumamosi asubuhi kikundi huru kilifanya kikao chake cha kwanza uani kwa dada. Ajenda ilikuwa nyongeza. Nilidhani watakaa dakika chache. Mama Shija ndiye aliyeanza, akasema viganja viwili ni sawa, lakini viganja vya nani? Mikono ya Mama Kulwa ni kama sahani. Akiongeza yeye viwili, mteja amepata chakula cha mchana, na wenye mikono midogo watakosa wateja.

"Nikate mikono?" dada akauliza.

"Usikate. Tuweke kikombe."

"Kikombe cha kujaza au cha kukata?"

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wakakubaliana kikombe kimoja, kisichopita ukingo, na atakayezidisha ataonywa. Nikauliza nani atapita kukagua. Wakamchagua Mama Shija.

Sikucheka, maana walikuwa wametulia kabisa. Na nilipofikiri niliona hawakuwa wamerudi pale walipotoka. Kanuni ilikuwa ileile karibu, lakini safari hii walikuwa wameigombania wenyewe uani, na mkaguzi wao anaweza kujibiwa kwa jina lake.

Mchana dada alinisindikiza mpaka barabarani kungoja bodaboda. Alikuwa amenifungia mchele kwenye kitenge. Nilikuwa nimejizuia tangu jana, nikashindwa.

"Dada, kwa nini ulinyanyua mkono? Ulisikia nilichosema."

"Nilisikia. Kumbe nilikuita ili nisisikie?"

"Na bati?"

"Nitauza kwa dalali. Atanipunja. Nitapata bati za vyumba viwili. Jikoni patangoja."

"Na mvua ikija?"

"Itanyesha jikoni."

Alisema hivyo kama anayetaja siku ya soko. Kisha, bodaboda ikiwa inakuja, akaongeza, "Wangetoka bila mimi, kila hasara wangekuja kuniambia, 'Wewe ulikuwa upande wa lori.' Na yule mkaguzi bado ningemwona usiku. Sasa simwoni."

Jioni nilikuwa nimerudi Ngokolo. Majirani walitaka kujua kama nimefanikiwa. Niliwaambia nimefanikiwa: nilieleza, wakaelewa, wakaamua kinyume. Mwanzoni nilidhani hayo hayawezi kukaa pamoja. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba mtu akichagua hasara ni kwa kuwa hakuelezwa vizuri, na kwamba dawa yake ni kumweleza tena. Bulembo nimejifunza kwamba mtu anaweza kuijua hasara yake mpaka chumba itakachoingilia, na bado akaichagua. Kazi ya anayeeleza ni kuhakikisha kwamba chumba kimetajwa, na kimetajwa mbele ya watu wote. Na wale wa ofisini wajue kwamba neno la radhi siku ya gulio lingewabakizia kijiji kizima.

Mvua za kwanza zilipoanza nilimpigia dada simu mimi, kwa kubadilisha. Nilisikia maji yakipiga bati, na mahali fulani yakidondoka kwenye sufuria.

"Vipi paa?" nikamuuliza.

"Linavuja," alisema. "Palepale tulipopanga."