Nilivyofika chini kabisa ya swimming pool Bungoma, baada ya masikio kunikatalia tangu usichana

Wakuu wa jukwaa, mmeamkaje huko mliko. Hapa Kitale mvua imetushukia vizuri, mahindi yamefika magoti.

Hii ninaandika ni kweli tupu. Binti yangu Nekesa ako humu ndani, na nikiongeza chumvi atanianika kwa comments.

Nianzie mbali kidogo.

Mimi na dada yangu Nasimiyu tulizaliwa Kamukuywa, karibu na mto. Wasichana wa kuogelea tulikuwa Nasimiyu, Nanjala, Jerusha wa mzee Barasa, Rosa aliyeolewa Mabanga, na mimi Naliaka.

Shindano letu lilikuwa moja tu. Unazama pale maji yametulia, unafika chini, unarudi na konzi ya mchanga. Bila mchanga, hujafika.

Wote walirudi na mchanga. Mimi nikifika katikati masikio yanachoma kama sindano, narudi juu mkono mtupu.

Nasimiyu akaniita Bata. Ati bata huelea tu, chini ya maji hajui kuna nini.

Wakuu, jina hilo nimezeeka nalo. Harusini, kanisani, hata matangani Nasimiyu anauliza mbele ya watu, "Bata amefika?" Watu wanacheka, na mimi nacheka, lakini ndani iko kitu.

Sasa, Nekesa ameolewa na Wanyonyi. Huyu Wanyonyi anafundisha kuogelea kwa hoteli moja Bungoma, upande wa kwenda Kibabii. Anajua pia kuzama na pumzi yake tu, bila mtungi wa hewa. Siku moja Nekesa akaniambia mume wake hufundisha watu kufungua masikio wakiwa chini ya maji.

"Kwani masikio hufunguliwa?"

"Hufunguliwa, mama. Si lazima yaume."

Niliacha chai ikapoa.

Lakini iko shida. Wale si wa kwetu niwaeleze: sisi Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake hawashikani mkono, hawakai kiti kimoja, hawaangaliani hivi hivi tu. Sasa mimi nivae costume ya kuogelea mbele ya mume wa Nekesa? Hapana bana!

Tukapanga hivi. Wanyonyi atasimama nyuma ya ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo. Ndani ya maji niko na Metrine, lifeguard wa pale, mama ako na mikono kama ya mkamuaji wa ng'ombe. Maneno ya Wanyonyi yatapitia kwa Metrine.

Nikapigia Nasimiyu simu. "Njoo Bungoma uone."

"Kuona Bata akioga? Nakuja."

Siku ikafika. Metrine akafunga kamba kwa ngazi ya deep end, pale maji ni marefu, chini ameweka chuma cha kuishikilia. Nasimiyu akakaa kwa kiti, akatoa kijiko kwa mkoba wake, akakitupa ndani.

"Mchanga hakuna huku. Leta hiyo."

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta: "Metrine, mwambie mama ashuke na kamba, miguu kwanza. Abane pua, asukume hewa polepole iende kwa masikio."

Nimesikia kila neno. Lakini heshima ni heshima, nikangoja Metrine arudie.

"Metrine, mwambie nimesikia."

Nikashuka. Katikati, zile sindano zikaja. Nikavumilia. Zikazidi, nikabana pua nikapuliza na nguvu zote kama mtu wa moto wa kuni mbichi. Hakuna kilichofunguka. Nikarudi juu.

"Kwaa! Kwaa!" Huyo ni Nasimiyu, mwanamke mzima wa kanisa.

Nikajaribu tena. Mambo ni yale yale.

"Metrine, mwulize mama huwa anabana pua saa ngapi."

"Mwambie nikisikia uchungu."

"Uchungu kidogo ama mwingi?"

"Mwambie mwingi. Mimi si mtoto, navumilia kwanza."

Halafu nikasikia ukuta umepigwa kofi, paa!

"Metrine! Mwambie mama asivumilie! Uchungu ukifika, mlango wa masikio umeshajifunga. Afungue mapema, akiwa bado juu, na kila akivuta kamba afungue tena. Ikikataa asilazimishe, arudi."

Wakuu, nilishikilia ngazi nikakumbuka. Uzazi niliambiwa vumilia. Ndoa, vumilia. Jembe, vumilia. Hakuna mtu alikuwa ameniambia kwamba iko kitu inaharibika kwa sababu umevumilia.

Nikapumzika vizuri. Nikabana pua hapo hapo juu, nikasukuma kidogo tu. Tik, kwa masikio yote mawili.

Nikavuta kamba. Tik.

Nikavuta tena, bado hakuna uchungu, nikafungua tu. Tik. Ni raha, sijui niwaambieje. Kumetulia kule, hata mawazo yako unayasikia.

Halafu miguu ikagusa tiles.

Karibu nicheke nimalize pumzi yote! Nikainama, nikaokota kijiko, nikapanda. Nilikiinua juu kabla sijavuta hewa.

Metrine akapiga vigelegele. Nyuma ya ukuta mtu anahangaika: "Metrine, amefika?" Metrine hasikii. "Metrine! Amefika ama hajafika?"

Nikajibu mwenyewe, "Amefika!" Lakini nilikuwa nimeangalia maji, kwa hivyo ni kama nimeambia maji.

Nikangoja Nasimiyu aseme neno lake. Aliniletea taulo, akanifunika mabega.

"Naliaka, hili sikio langu la kushoto, ulifikiri limeziba na uzee?"

"Si ni uzee?"

"Lilipasuka mtoni. Nilitoa damu, nikanawa, nikawaonyesha mchanga."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje, na nyinyi mnanipigia makofi?"

Nikamwangalia, akaniangalia. Tukaanza kucheka mpaka Metrine akafikiri nimemeza maji. Kumbe tulikuwa tunaumwa wote wawili! Mimi nilirudi juu, yeye akashuka.

Wiki hii nampeleka kwa daktari wa masikio. Amekubali, baada ya kelele kidogo.

Nilichojifunza ndicho hiki: uvumilivu si wa kila mahali. Ukiona kitu inaanza kukubana, fungua mapema, polepole. Ikikataa, rudi juu upumzike, hakuna aibu. Na usizame kama huna mtu mzuri wa maji karibu yako.

Sasa ni zamu yenu. Wale wanazama huko ziwani na baharini, nyinyi mnafungua masikio namna gani? Na wale mmefundishwa kitu na mkwe kupitia ukuta, si mniambie siko peke yangu. Andikeni tu. Nasoma polepole, lakini nitasoma zote.