Ya Leo Tu: Niliyoyaona Mferejini Mboghoni

Mimi ni mwalimu na mzee wa kanisa hapa Voi, na tangu tulipomzika mke wangu Wakesho mwaka jana nilikuwa nimeshindwa kuomba. Msinielewe vibaya. Mbele ya watu nilikuwa naomba vizuri sana, hata akina mama wa kwaya wananisifu. Lakini nyumbani, nikiwa peke yangu, sikuwa na neno hata moja la kumwambia Mungu. Shule zilipofungwa, Mghoi, dada mkubwa wa marehemu, akanipigia simu kutoka Mboghoni, karibu na Taveta, alikoolewa.

"Shemeji, hiyo sauti yako imekonda," akasema. "Kuja ukae na sisi kidogo."

Jumatano asubuhi nilipanda kanta, lori dogo la jirani yangu Kamau, ambaye hufuata ndizi siku za soko la Taveta. Kamau ni mtu wa Murang'a aliyehamia Voi akiwa kijana, na mdomo wake haujui likizo. Tulipofika Mraru aliegesha kando, akazima injini, akavua kofia na kuomba maneno machache kwa Kikuyu. Nikamwuliza kwa nini hakuomba kabla ya kuondoka nyumbani.

"Nyumbani niliomba ya nyumbani," akajibu huku akiwasha gari. "Hapa naomba ya barabara. Mbele kuna Tsavo, mwalimu, na ndovu haulizi leseni."

Nilicheka, lakini ukweli ni kwamba nilimwonea wivu.

Baada ya Mwatate tuliviacha nyuma vilima vya Taita. Huko juu, upande wa Chawia, ndiko Mghoi na Wakesho walikozaliwa, na sikutaka kugeuza shingo. Tukapita Bura, tukapita mashamba ya mkonge, na kutoka Maktau tukaingia mbugani. Ndovu tuliowaona walikuwa wekundu kwa vumbi la kule. Walivuka barabara polepole na mtoto wao katikati, na Kamau akanyamaza kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mchana nilishuka Mboghoni. Msafiri anayetoka Voi, ambako tunafukuzana na maboza, malori ya kuuza maji, hawezi kuamini macho yake. Maji ya chemchemi yanapita kwenye mifereji shamba hadi shamba, na migomba imesongamana hadi jua linakosa njia. Mghoi alinipokea kwa vigelegele, akaninyang'anya begi, na jioni akatenga kimanga, ndizi na maharagwe yaliyopondwa pamoja. Akaniomba nibariki chakula. Nilikibariki kama ninavyojua, kuanzia uumbaji.

"Amina," akasema nilipomaliza. "Hiyo ilikuwa ya kanisani, shemeji. Imepoesha kimanga. Yako wewe iko wapi?"

Nikasogeza sahani karibu nikala.

Alhamisi alfajiri alinichukua hadi mferejini, pale unapogawanyika kwenda mashamba mbalimbali. Huko maji hupewa kwa zamu, na mwenye kumaliza hukabidhi kwa mwenye kuanza. Desturi yao ndiyo iliyonisimamisha pale nikisahau hata mbu. Yule anayekabidhi humwuliza mwenzake, "Leo uko na nini?" Naye husema haja yake ya siku hiyo, si ya mwezi wala ya mwaka. Mmoja alisema ana mahindi ya kupalilia na mgongo unamuuma. Mwenzake akamwombea palizi na mgongo, basi. Kisha wakahamisha magunia ya udongo yanayozuia maji, na maji yakageuka kuelekea shamba la pili.

"Na ya kesho je?" nikamwuliza Mghoi.

"Kesho kuna mtu mwingine wa kuuliza," akasema. "Hapa tunakula ya leo, shemeji. Hata maji huwezi kuweka ya wiki nzima kwa kijaruba cha shamba."

Nimehudhuria semina nyingi za kiroho, nyingine zenye chakula kizuri kabisa, na sijawahi kuona watu wanaolishana imani namna ile, kila asubuhi, wakiwa wamekanyaga matope. Niliwapenda watu wale. Siku iliyofuata niliamka kabla ya Mghoi ili nisikose.

Jumamosi zamu ya Mghoi ndiyo ilikuwa inakwisha, na wa kupokea alikuwa jirani yake Mutua, Mkamba mpole mwenye mashamba ya maharagwe. Alikuja akitembea haraka, jembe begani. Mghoi akanisukuma mbele. "Leo anakabidhi mgeni," akasema.

Nilifumba macho nikaanza. Niliombea taifa na viongozi wake, nikaombea mvua, yatima, wajane na wasafiri wa nchi kavu na wa baharini. Nilikuwa nimekolea kabisa Mutua alipopaza sauti: "Amina!"

Nikafumbua macho. Maji yalikuwa bado yanaingia kwa Mghoi, yameshafurika na kuanza kulaza vitunguu vyake, na zamu ya Mutua ilikuwa inapotea hivyo hivyo.

"Shemeji," Mghoi akasema taratibu, "hukumwuliza ako na nini."

Aibu ilinishika. Nikamgeukia Mutua nikamwuliza.

"Bibi yangu ako hospitali Taveta," akasema. "Tumbo ilimshika jana. Leo anapasuliwa. Kijana wetu ako na yeye. Nilikuwa nifungue maji tu nikimbie, kwa sababu zamu haingoji."

Wakesho wangu naye aliingia chumba cha upasuaji, na nilimwombea kwa maneno yote niliyojua, na hakutoka. Sasa mtu huyu alikuwa ananingoja niombe kitu kile kile. Mghoi alikuwa ameinamisha kichwa, na nikaona machozi yake yakidondoka kwenye kanga. Nilitaka kugeuka niondoke. Mwishowe nikasema, "Bwana, mke wa Mutua. Leo." Sikuwa na zaidi ya hapo.

"Amina," akasema Mutua, akanishika mkono kwa nguvu. Tulihamisha magunia sote watatu, naye akakimbilia barabarani.

Alasiri Kamau alinipitia turudi Voi, kanta imejaa ndizi. Karibu na Maktau simu ikapata mtandao na ikalia papo hapo. Alikuwa Mutua, aliyepewa namba yangu na Mghoi. Mkewe ametoka salama, amefumbua macho, ameulizia kama maharagwe yamepata maji. Nilifurahi kwa moyo wote. Kisha hasira ikanipanda, nikageukia dirishani nikasema kwa sauti, "Huyu umemrudishia mkewe. Wangu ulimchukua. Nilikuomba vilevile na ukanyamaza. Nimekukasirikia, na bado nakuhitaji."

Kamau akapunguza mwendo. "Unaniambia mimi, mwalimu?"

"Hapana, Kamau. Si wewe."

Akatikisa kichwa, akaendelea kuendesha. Mimi nililia hadi Mwatate, na huko nikavitazama vilima.

Sijapata jibu kuhusu Wakesho, na sitawadanganya kwamba nimelipata. Nilichojifunza kwa wakulima wale ni kuomba ya siku moja, kwa maneno yangu, hata yakiwa makali. Asubuhi hii nilimwomba Mungu anipe nguvu ya kufungua kabati la nguo za mke wangu, ambalo sikuwa nimeligusa tangu mazishi. Sikuomba lingine. Nimelifungua.